Sura ya Sita: Mtutu Mnene, Mnyama Mdogo

Nilimtumia baba mdogo picha kwa simu. Anaishi Kilosa, na enzi zake alikuwa askari wa wanyamapori, kwa hiyo bunduki si kitu cha kumshangaza. Pichani nimeshika bunduki ya mwaka 1968. Mtutu wake hata mdomoni ni mnene kama bomba la maji la nusu inchi, na juu yake imelala darubini ndefu kuliko mkono wangu wa mbele. Nyuma yangu ni shamba la majani ya ng'ombe huku Pennsylvania. Jibu lilikuja kwa sauti, papo hapo: “Marahaba, mwanangu. Sasa hiyo unamfuata nani, tembo?”

Nikamwambia ni ya mnyama anayelingana na pimbi. Alicheka mpaka akakohoa.

Swali lake ndilo ninaloulizwa na karibu kila anayeiona bunduki hii. Kama mnyama ni mdogo, kwa nini silaha iwe nzito? Akili ya kawaida inasema mnyama mkubwa apigwe kwa bunduki kubwa, na mdogo hata manati yamtosha. Kuna ukoo mzima wa bunduki za Marekani uliojengwa kinyume na akili hiyo, na leo kuna watu wanaozitafuta zile za zamani kama wengine wanavyotafuta redio za mbao au pikipiki za miaka ya sitini. Mimi ni mmoja wao, na nimeshapata hasara yangu. Nitaisimulia mbele.

Mnyama mwenyewe

Wamarekani wana neno moja la kuwakusanya wanyama wote wanaomkera mkulima: varmint. Sisi, kwa lugha ya maofisa wa maliasili, tunasema wanyama waharibifu, na tukisema hivyo tunamfikiria nguruwe pori kwenye mahindi, nyani, kiboko aliyeingia kwenye mpunga. Orodha ya Wamarekani ina watu wadogo zaidi.

Mashariki ya nchi yuko woodchuck. Ni jamaa wa kindi, ila anaishi ardhini na ana uzito wa kilo 2 hadi 6. Ukimwona kwa mbali amekaa juu ya kichuguu cha udongo alioufukua, utaapa ni pimbi aliyenona. Kwa ukoo hawahusiani hata kidogo: pimbi ni ndugu wa tembo. Kwa hiyo baba mdogo hakuwa mbali sana na ukweli, ingawa alikuwa anatania. Kule magharibi, kwenye mbuga kavu, yuko prairie dog. Jina linasema mbwa, lakini naye ni wa jamii ya kindi, hafiki kilo 2, na anaishi katika vijiji vya mashimo yanayohesabika kwa mamia. Milimani kwenye mawe yuko binamu wa woodchuck anayeitwa rock chuck. Huyo utamkuta tena kwenye sura hii, kwa sababu ameacha jina lake kwenye mashine inayouzwa mpaka leo.

Kosa la woodchuck ni shimo. Mfugaji mmoja jirani yangu, mzee wa ng'ombe wa maziwa, alinionyesha gurudumu la trekta lililozama kwenye shimo moja na kuipinda mashine ya kukatia majani. Hofu ya pili ni mguu wa ng'ombe au wa farasi.

Tatizo ni kumfikia. Ukitokeza pembeni mwa shamba anapiga mluzi na kuzama. Inabidi umpige kutoka pale asipokujali, yaani mita 200, 250, wakati mwingine 300. Uwanja wa mpira una urefu wa karibu mita 100. Panga viwanja vitatu kwa urefu, simama kwenye goli la kwanza, kisha mtu akuwekee chupa ya soda kwenye goli la mwisho. Hiyo chupa ndiyo shabaha yako. Nayo ina macho.

Nondo ya milimita 12 na ya 16

Hapa ndipo unene unapoingia. Bunduki ya kawaida ya kuwindia hupimwa kwa bega la mwindaji: atatembea nayo kutwa nzima, hivyo inafanywa kuwa nyepesi, kilo 3 na kitu. Bunduki ya mtutu mnene haitembei. Inashuka kwenye gari, inalazwa juu ya mfuko wa mchanga, inakaa hapo. Ikiwa na darubini yake hufika kilo 4 na nusu au 5, na hakuna anayelalamika.

Mtutu wowote hutikisika risasi inapopita ndani yake, kama ulimi wa kengele. Risasi ikitoka wakati mdomo umeinuka kidogo, inakwenda juu. Ikitoka mdomo umeshuka, inakwenda chini. Kwa nguruwe pori wa kilo 80 aliye mita 40, tofauti hiyo haina maana. Kwa chupa ya soda iliyo mita 300, ndiyo tofauti ya kupata na kukosa.

Aliyewahi kujenga nyumba anajua nondo ya milimita 12 na ya milimita 16. Kwa macho zinapishana kidogo tu. Jaribu kuzipinda. Ugumu wa fimbo ya duara kukataa kupindwa hupanda kwa kipenyo kikizidishwa chenyewe mara nne, kwa hiyo ile ya 16 ni ngumu zaidi ya mara tatu. Mtutu ni fimbo ya duara yenye tundu katikati, na hesabu yake haiko mbali na hiyo. Mafundi hawakuongeza chuma kwa ajili ya nguvu ya mlipuko. Waliongeza ili mtutu utulie.

Kuna joto pia. Kwenye kijiji cha prairie dog mtu hupiga mara nyingi kwa muda mfupi. Mtutu mwembamba ni sufuria ya bati: unawaka mara moja, na ukiwaka unaanza kuhama, risasi ya sita haiendi ilikokwenda ya kwanza. Mnene ni chungu. Unachukua muda kupata moto, ingawa na kupoa nako hauna haraka. Jambo la mwisho hulijui mpaka ulipate: uzito unameza teke la bunduki, hivyo jicho halitoki kwenye darubini, na unaiona risasi yako mwenyewe ikifika. Ukikosa, unajua umekosa upande gani.

*Kwa ufupi: unene wa mtutu hauongezi nguvu ya risasi. Unapunguza mtikisiko, unachelewesha joto, na unaiweka bunduki mahali pamoja.*

Kasi, kasi, kasi

Kabla ya kuingia kwenye majina, tuelewane maneno. Kiswahili chetu huita risasi kitu kizima na pia kile kipande kinachoruka. Hapa nitasema kichwa kwa kile kinachoruka, ganda kwa kopo la shaba linalobaki, baruti kwa unga ulio ndani, na fataki kwa kile kidonge cha nyuma kinachogongwa na kuwasha baruti. Kaliba ni upana wa tundu la mtutu. Wamarekani huupima kwa inchi, kwa hiyo .22 ni sehemu 22 kati ya 100 za inchi, kama milimita 5 na nusu.

Usiyaamini majina hayo sana. Risasi ziitwazo .220, .222, .223 na .22-250 zote hutumia vichwa vya upana uleule, .224 ya inchi. Tarakimu zilizobaki ni biashara ya kutofautisha maganda. Huwezi kuchomeka moja mahali pa nyingine, na kujaribu ni hatari.

Safari ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 katika karakana ya silaha ya serikali huko Springfield, Massachusetts. Wapenzi wachache wa shabaha, akiwemo Townsend Whelen, walichukua ganda dogo la zamani, wakalijaza baruti mpya na kulipa kichwa chenye ncha. Likazaliwa .22 Hornet. Winchester walianza kuuza risasi zake mwaka 1930, kabla kiwanda chochote hakijauza bunduki ya kuzipigia. Watu walinunua risasi kwanza, kisha wakawaomba mafundi wao wawatengenezee bunduki.

Mwaka 1935 Winchester walileta .220 Swift, na hapo mambo yakawa mengine. Kichwa chake kilikuwa na uzito wa kama gramu 3, sawa na karatasi nusu ya daftari kubwa, lakini kilitoka mdomoni kwa mita 1,250 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 340 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo kichwa hakipati nafasi ya kuanguka sana njiani, na mpigaji haumizwi kichwa na kukadiria umbali.

Swift ina uhusiano mdogo na kwetu. W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, hata akabaki na jina la “Karamojo”, alikuwa mtu wa kaliba ndogo maisha yake yote. Wenzake walibeba mizinga. Yeye aliwapiga tembo wengi kwa bunduki ya milimita 7, akitegemea kulenga ubongo. Uzeeni, akiwa kwao Scotland, aliichukua .220 Swift kuwindia kulungu wekundu na akaisifu sana. Sheria za uwindaji za leo katika nchi nyingi zisingemruhusu.

Mwaka 1950 ilikuja ile ninayoipenda kuliko zote, .222 Remington. Aliyeibuni ni Mike Walker, mhandisi wa Remington ambaye mwenyewe alikuwa mshindani wa kupiga shabaha kwenye benchi. Ni pole kuliko Swift, haina fujo, haili mtutu haraka, na kwa zaidi ya miaka 20 ndiyo iliyotawala mashindano ya kupiga kundi dogo. Ganda lake lilirefushwa likazaa .223, na hiyo ndiyo mama wa risasi ya milimita 5.56 wanayobeba askari wa majeshi mengi duniani. Risasi ya kumfukuza kindi ikaishia vitani. Bunduki nazo zilifuata njia hiyohiyo: mwaka 1966 wanamaji wa Marekani walipotaka bunduki ya wadunguaji wa Vietnam, walichukua Remington 700 yenye mtutu mnene, wakaiita M40.

Na .22-250? Hiyo ilikaa miaka karibu 30 bila cheti cha kuzaliwa. Mafundi wa vichochoroni waliibana shingo ya ganda la .250 Savage lishike kichwa cha .22, kila mmoja kwa vipimo vyake, mpaka Remington walipoisajili kama bidhaa yao mwaka 1965.

Pia iliyolewa

Kisa kimoja kinastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu kinamhusu moja kwa moja mtu anayenunua bunduki ya zamani.

Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojipinda. Inakizungusha kichwa kama mtoto anavyozungusha pia. Pia iliyopigwa kamba vizuri husimama wima. Iliyozungushwa kwa uvivu hulewa, huyumba, huanguka. Kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyohitaji kuzungushwa haraka zaidi.

Mwaka 1955 makampuni mawili yalitoa risasi za milimita 6 zinazokaribiana sana. Winchester walitoa .243, mifereji yake ikikamilisha mzunguko mmoja kila inchi 10. Remington walitoa .244, mzunguko mmoja kila inchi 12. Remington walikuwa wamewaza mnyama mharibifu tu, anayetaka kichwa chepesi na kifupi. Winchester waliwaza kwamba mkulima hana fedha za bunduki mbili: majira ya joto atapiga woodchuck, majira ya baridi kulungu, na kwa kulungu atataka kichwa kizito na kirefu. Mkulima alikuwa na mawazo hayohayo. Kwenye .244, vichwa virefu vya kulungu vililewa. Mwaka 1963 Remington walibadilisha mifereji na kuipa risasi jina jipya, 6mm Remington, lakini .243 ilikuwa imeshakwenda.

Bunduki za mwanzo za .244 bado zipo, na kwa vichwa vyepesi hupiga vizuri ajabu. Anayeijua historia huzinunua bila presha. Asiyeijua hununua na boksi la vichwa vizito, kisha huisema bunduki.

Jua kali ya Oroville

Wapenzi hawa hawakusubiri kiwanda. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vichwa vyema vya risasi vilipokuwa haba, kijana mmoja wa Oroville, California, Fred Huntington, alitengeneza vifaa vya kufinyangia vichwa nyumbani. Malighafi ilikuwa maganda matupu ya risasi ndogo za .22, zile za bei rahisi zinazookotwa chini kwenye kila uwanja wa shabaha. Unalinyoosha ganda, unatia madini ya risasi ndani, unalishindilia kwenye tundu la chuma, linatoka kichwa chenye ncha. Fundi wa Gikomba au Gerezani angemwelewa bila mkalimani. Mwaka 1943 aliifanya biashara na kuiita RCBS. Herufi mbili za kwanza ni Rock Chuck, yule mnyama wa mawe tuliyemwacha nyuma. Zilizobaki zinataja kifaa chenyewe cha kufinyangia. Kampuni ilikua, jina likabaki.

Unanunua sekunde tatu

Sasa hasara yangu. Bunduki ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya .22-250, mbao safi, chuma cheusi kinang'aa. Muuzaji, mtu binafsi, aliniambia haijapigwa sana. Nikaridhika na macho. Nilipofika nyumbani nikachukua tochi nyembamba na kuangalia kwenye tundu kutoka upande wa nyuma. Sehemu ya mwanzo ya mifereji, pale kichwa kinapoanzia safari, ambapo mafundi hupaita kooni, haikuwa na kona kali za mifereji. Ilikuwa na nyufa ndogondogo, kama tope la bwawa lililokauka kiangazi. Nikapitisha kitambaa chenye dawa ya kusafishia: kilitoka bluu ya kijani, kikatoka tena bluu, mpaka cha kumi na moja. Hiyo ni shaba ya vichwa iliyogandishwa ndani kwa miaka. Uwanjani, kwa mita 100, risasi tano zilitawanyika upana wa sahani ya chai. Bunduki nzuri ya aina hii huziweka zote ndani ya kifuniko cha chupa ya maji.

Mtutu ulikuwa umeungua. Gesi ya baruti ni moto mkali mno, na risasi zenye ganda kubwa na tundu dogo, kama Swift na .22-250, huipitisha yote kwenye koo jembamba. Tafakari hesabu hii: kichwa hukaa ndani ya mtutu kwa kama sehemu moja kati ya elfu ya sekunde. Mtutu uliochoka baada ya risasi 3,000 umefanya kazi, maisha yake yote, kama sekunde tatu. Muuzaji anakuuzia kilichobaki kwenye hizo tatu, na mbao zinazong'aa hazikuambii kimebaki kiasi gani.

Tangu siku hiyo naangalia kwa utaratibu huu:

1. Kwanza kabisa, hakikisha haina risasi. Fungua, tazama, ingiza kidole. Usimwamini hata aliyekukabidhi.
2. Koo la mtutu, kwa tochi au kamera ndogo ya fundi.
3. Kutu ndani. Fataki za zamani ziliacha chumvi iliyovuta unyevu, na asiyesafisha siku ileile alikuta mtutu umeliwa kama bati la mgongo wa nyumba ya pwani.
4. Ukingo wa mdomo. Kovu dogo hapo huisukuma kila risasi upande mmoja.
5. Kifyatulio. Wengi wa wamiliki wa kwanza walikilegeza wenyewe kwa bisibisi. Mpe fundi bunduki akikague kabla hujatia risasi.
6. Maandishi ya kaliba kwenye mtutu, na kama kweli ndiyo yaliyomo ndani. Mtutu unaweza kuwa umechongwa upya.

Wakusanyaji wana orodha yao nyingine, ya uhalisi. Kwa Winchester Model 70, iliyoanza kutengenezwa New Haven, Connecticut, mwaka 1936, mstari wa bei umechorwa mwaka 1964, kiwanda kilipobadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama. Ya kabla ya hapo huitwa jina la heshima na kuuzwa kwa bei ya heshima. Aina yake ya mtutu mnene kwa wanyama waharibifu ilianza 1956, kwa .243, mtutu wa sentimita 66. Tundu moja la skrubu ambalo kiwanda hakikulitoboa, na bei inashuka. Rangi ya chuma iliyopakwa upya, bei inashuka. Kitako kilichofupishwa kwa ajili ya mtoto wa mwenye bunduki, inashuka tena.

Maoni yangu yatawaudhi baadhi. Kwa mtu anayetaka kupiga, mwaka 1964 hauna maana kubwa kwenye aina hii. Remington 700 Varmint Special ya mwaka 1967 na kuendelea ina bolti ya kawaida na nakshi za kitako zisizo na mvuto, na inapiga. Sako za Finland za miaka hiyo ni laini mkononi kuliko zote mbili. Ruger No. 1, iliyotoka 1967, inachukua risasi moja tu kwa wakati, na hiyo peke yake inamfundisha mtu subira.

Siku ya kupiga

Asubuhi, kabla upepo haujaamka. Benchi ya zege, mifuko miwili ya mchanga: mmoja mbele chini ya mbao, si chini ya mtutu, wa pili nyuma chini ya kitako, unaminywa kwa mkono wa kushoto kupandisha na kushusha. Darubini yangu ni Unertl ya Pittsburgh, bomba refu jembamba lisilo na urekebishaji wowote ndani. Unalisogeza lote kwa skrubu za nje zenye alama, na kila risasi inapotoka bunduki hurudi nyuma, darubini inabaki, kwa hiyo unalivuta nyuma kwa mkono kabla ya risasi inayofuata. Wageni hudhani imeharibika.

Pumzi inatoka nusu, inasimama. Kidole hakivuti, kinaongeza uzito mpaka bunduki ijiamulie. Risasi tano, kisha naweka kiganja kwenye mtutu. Nikishindwa kukiacha hapo mpaka nihesabu tano, nakunywa chai. Ukiendelea kupiga mtutu ukiwa moto utaona kwenye darubini shabaha inacheza kama iko chini ya maji. Hayo ni mazigazi, yaleyale ya lami ya Dodoma saa nane mchana, ila haya yanapanda kutoka kwenye chuma chako mwenyewe.

Mnyama naye, na karatasi

Mimi siku hizi hupiga karatasi. Sijatubu, ila kuna mambo mawili niliyoshindwa kuyapuuza. Prairie dog aliyepigwa vita kwa sumu na risasi kwa miongo mingi ndiye chakula cha mnyama mwingine, mnyama mdogo wa jamii ya vicheche mwenye miguu myeusi, anayemtegemea kwa karibu kila mlo na kulala kwenye mashimo yake. Ilidhaniwa ametoweka kabisa duniani, hadi wachache walipokutwa Meeteetse, Wyoming, mwaka 1981. La pili ni madini ya risasi yenyewe. Kichwa chepesi chenye kasi hupasuka vipande vidogo mno ndani ya mzoga. Tai na tumbusi hula mzoga, na madini ni sumu. California ilipiga marufuku vichwa vya madini hayo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019.

Kwa msomaji aliye nyumbani: Kenya ilifunga uwindaji wa burudani mwaka 1977. Tanzania kumiliki silaha kunataka leseni, na mnyama mharibifu anashughulikiwa na wenye mamlaka hayo. Kwa aliye Marekani kama mimi: mwenye viza ya muda, ya masomo kwa mfano, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho hata kushika bunduki. Kuna misamaha, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji, lakini muulize mwanasheria, usimuulize rafiki wa uwanjani. Na usiwaze kuipeleka nyumbani kwenye kontena pamoja na friji.

Ile bunduki yangu ya mita 100 na sahani ya chai nilimpelekea fundi akaifungia mtutu mpya, unene uleule, urefu uleule. Sasa inapiga ndani ya kifuniko cha chupa, na thamani yake kwa mkusanyaji imeshuka. Mtutu wa zamani sikuutupa. Nimeupaka grisi, nimeufunga kwa karatasi ya nta, uko chini ya kitanda na kibandiko chenye tarehe na namba ya bunduki. Atakayeinunua baada yangu atapewa vyote viwili, na ataambiwa upi umeungua.